Australia na Samoa: maswali yote munayoniuliza juu ya fainali ya Jumamosi

Tangu Samoa ishinde nusu fainali ya Kombe la Dunia la ragbi ya watu 13 sina amani. Nikikaa kwa kinyozi, nikipanda taksibisi ya kwenda Katuba, hata nikinunua makala (mkaa), kuna mtu tu atanishika mkono: "Yaya, ile mupira yako ya kukumbatiana, fainali ni lini?" Nimechoka kurudia maneno yaleyale kwa mdomo, nimeyaweka hapa yote. Yanaanza maswali ya yule ambaye hajawahi kuona huu mchezo hata siku moja, mabishano ya wajuaji yako chini. Kama una haraka soma swali la kwanza halafu nenda kachaji simu.

## Ya kuanzia

Fainali ni lini, saa ngapi, na ni nani na nani?

Jumamosi hii, tarehe 19 Novemba 2022, Australia na Samoa, uwanja wa Old Trafford, Manchester. Kule Uingereza inaanza saa kumi jioni, sisi Lubumbashi tuko mbele yao saa mbili, kwa hiyo hapa ni saa kumi na mbili jioni, jua likiwa linazama. Kinshasa ni saa kumi na moja. Dar na Nairobi ni saa moja usiku. Nasema hivi juu kila fainali kuna shemeji wa Kinshasa anasoma saa zetu, anawasha televisheni mchezo umefika mbali, halafu ananipigia mimi kunilaumu.

Hii ni ragbi ile tuliyoona shuleni kwenye vitabu vya Kifaransa?

Nusu ndiyo, nusu hapana. Ragbi ziko mbili. Ile Wafaransa wanaita "quinze" ina wachezaji 15 kila upande, ndiyo ya Springboks wa Afrika Kusini, ndiyo watu wengi wanaijua. Hii yetu ni "treize", wachezaji 13, na ni mchezo mwingine kabisa siku hizi, ina sheria zake, shirikisho lake na Kombe la Dunia lake. Mpira ni wa umbo la yai kote kuwili, kupasia mbele ni marufuku kote kuwili, lakini mtu akikuambia ni kitu kimoja ni sawa na kusema Mazembe na Lupopo, vilabu vyetu viwili vya mpira wa mguu, ni kitu kimoja juu zote zinavaa viatu.

Kwa nini basi ragbi ikagawanyika?

Hapa nitarefusha, mtanisamehe, juu hapa ndipo mimi nilipouangukia huu mchezo.

Mwaka 1895 kaskazini mwa Uingereza wachezaji wengi wa ragbi walikuwa watu wa migodi ya makaa na viwanda vya nguo. Jumamosi ilikuwa siku ya kazi. Ukienda kucheza unakatwa mshahara, na wakubwa wa ragbi waliokuwa London, watu wenye hela zao, wakasema mchezaji asilipwe hata senti, hata ile senti ya kufidia siku aliyokosa kazini. Wewe tajiri hiyo haikuumi. Mtu wa mgodi watoto wanalala njaa. Tarehe 29 Agosti 1895 vilabu vya kaskazini vikakutana katika hoteli moja ya mji wa Huddersfield, wakajitoa, wakaanzisha chama chao. Baadaye wakaanza kubadilisha sheria ili mchezo uende mbio, watu walipe kiingilio na wafurahi, na mwaka 1906 wakapunguza wachezaji kutoka 15 hadi 13.

Nilimwelezea hivi mzee mmoja jirani yangu, amefanya kazi ya mgodi maisha yake yote, sasa amestaafu anakaa tu chini ya muembe wake. Alinisikiliza mpaka mwisho akasema: "Alor hao ni benzetu." Tangu siku hiyo hakosi mechi, ingawa mpaka leo sheria hajui hata moja.

Na Ufaransa iko na yake. Desemba 1941 serikali ya Vichy, ile ya Wafaransa walioshirikiana na Wajerumani wakati wa vita, ilipiga marufuku ragbi ya treize, ikachukua mali zake zote, na hata vita ilipoisha kwa miaka mingi walikatazwa kutumia neno "ragbi", ikabidi waseme tu "mchezo wa kumi na tatu". Desemba hiyohiyo ya 1941, hapa hapa, wakati mji unaitwa Élisabethville, wafanyakazi wa shaba waliogoma kudai mshahara walipigwa risasi katika uwanja wa mpira. Mambo mawili hayana uhusiano, najua. Lakini mimi nikisoma moja nakumbuka lingine.

Mbona kwenye picha wameandika Kombe la Dunia 2021? Hii si mechi ya zamani wanaturudishia?

Hapana, ni ya sasa. Lilitakiwa lichezwe 2021, korona ikaharibu, Australia na New Zealand zikasema haziji, likasogezwa mwaka mmoja. Jina wakaacha lilivyo.

Na Old Trafford si kwa Manchester United?

Ni kwao ndiyo, uwanja uleule wenye viti kama 74,000. Ligi ya treize ya Uingereza inafanyia fainali yake pale kila mwaka tangu 1998, ukiacha ule mwaka wa korona, na fainali ya Kombe la Dunia ya 2013 ilikuwa palepale, Australia ikaipiga New Zealand 34-2. Na wiki hii Man U hawana mechi, ligi yao imesimama juu ya Kombe la Dunia la mguu kule Qatar.

## Mchezo wenyewe

Nielezee sheria kwa ufupi kabla chai haijapoa.

Ekipe mbili, 13 kwa 13, dakika 40 mara mbili. Unabeba mpira unakimbia kuelekea mstari wa mwisho wa wapinzani. Kupasia kwa mkono ni pembeni au nyuma, mbele hapana. Ukitaka mpira uende mbele ubebe mwenyewe au upige kwa mguu. Wapinzani wanakuangusha, hiyo ndiyo plakaji. Ukishaangushwa unasimama, unaweka mpira chini, unauviringisha nyuma kwa mguu, mwenzako anauokota, mnaenda tena. Mna nafasi ya kuangushwa mara sita. Ya sita ikikamilika mpira ni wa wengine, hapohapo mlipofika.

Hayo tu yanatosha kwa siku ya kwanza. Mengine utayaona.

Kwa nini wanakimbilia moja kwa moja kwenye watu badala ya kwenda penye nafasi?

Swali la mama watoto wangu hili, na ni swali zuri kuliko anavyodhani.

Angalia vijana wa makala, wale wanaotoka porini na baiskeli imepakia magunia mpaka mwenyewe haonekani. Kwenye mlima haendeshi, anasukuma, hatua kwa hatua, hakuna urembo pale. Plakaji mbili tatu za kwanza ndizo hizo. Majitu ya mbele, watu wa kilo mia na zaidi, yanabeba mpira yanaenda kugonga ukuta, yanapata mita nane, mita kumi. Na kila ukiangusha mtu, sheria inataka walinzi warudi nyuma mita 10 kabla mpira haujachezwa tena. Kwa hiyo walinzi wanarudi, wanakuja mbele, wanaangusha, wananyanyuka, wanarudi, hivyo hivyo kwa dakika 80. Wakianza kuchelewa kurudi, hata kwa nusu sekunde, ndipo wale wepesi wa pembeni wanapata kile kimlango. Ile nafasi unayosema waende, haikuwepo. Imetengenezwa na wale wa baiskeli.

Ukiangalia Jumamosi usimfuate mwenye mpira peke yake. Angalia walinzi wanaorudi. Ekipe ikianza kurudi ikitembea badala ya kukimbia, mwite mtu aliye chooni arudi upesi.

Halafu mbona ya sita wanaupiga mpira wanautupa? Si ujinga?

Si ujinga. Ya sita ukikamatwa nao unawapa wapinzani mpira hapo ulipo. Afadhali uupige mbali wakaanzie karibu na mstari wao, wasukume baiskeli yao mlima mzima. Au ukiwa karibu na mstari wao unaupiga juu angani watu wa pembeni waugombanie, ndiyo ile unaona wanaruka kama makipa.

Kuna ujanja mmoja utawasikia watangazaji wakipiga kelele: ukiupiga ukiwa ndani ya mita 40 zako, ukadunda, ukatoka pembeni ndani ya mita 20 zao, mpira unabaki wenu. Ni pigo gumu. Likitokea pigeni makofi hata kama ni Australia.

Pointi zinahesabiwaje? Nimeona 27-26 nikadhani ni mpira wa kikapu.

Kugusisha mpira chini nyuma ya mstari wao, trai (waliosoma Kifaransa wanaita ese), ni pointi 4. Baada ya trai unapewa mkwaju wa kuongezea, ukipita kati ya nguzo mbili na juu ya ule mti wa kulala unaoziunganisha, 2. Penalti ukiamua kuipiga golini, 2. Na dropu, yaani unauangusha mpira mwenyewe mchezo ukiendelea na kuupiga unapoinuka, ni 1. Hiyo moja ndogo ndiyo ilimtoa Mwingereza, soma swali la 60-6 hapo chini.

## Mkubwa na mdogo

Kwa nini kila mtu anasema Australia itashinda?

Juu mara nyingi inashinda. Wana makombe 11 ya Dunia. Uingereza kwa jina la Great Britain ina 3, New Zealand ina 1, wengine wote sifuri. Kila fainali iliyochezwa tangu 1968, Australia imo ndani. Safari hii waliwapiga Fiji 42-8, Scotland 84-0, Italia 66-6, Lebanon 48-4. Kocha wao ni Mal Meninga, kapteni James Tedesco, na ligi yao ya nyumbani, NRL, ndiyo ligi kubwa ya treize duniani, wachezaji wa dunia nzima wanaenda kule.

Ila, na hii ila ni kubwa, nusu fainali New Zealand iliwabana mpaka mwisho, 16-14. Na kabla ya kombe hili, kwa sababu ya korona, Australia ilikaa karibu miaka mitatu bila mechi ya taifa. Mechi yao ya mwisho kabla ya hapo, Novemba 2019, walipigwa 16-12 na Tonga. Tonga! Kisiwa.

Hawa ndio Wallabies?

Hapana. Wallabies ni wa quinze. Hawa ni Kangaroos. Samoa wanaitwa Toa Samoa, toa kwa lugha yao ni shujaa wa vita.

Samoa ni wapi, na ni watu wangapi?

Ni visiwa katikati ya bahari ya Pasifiki, mji mkuu Apia, watu kama laki mbili tu. Chukua Samoa nzima, na wazee na watoto wachanga, uimwage hapa Lubumbashi, itaenea kona moja tu ya mji na bado tutatafutana. Wengi zaidi wenye asili ya kule wanaishi New Zealand na Australia, hilo ndilo linaleta swali la uzawa, linafuata chini.

Hakuna nchi ya visiwa vya Pasifiki iliyowahi kufika fainali hii kabla yao. Na nje ya Australia, New Zealand na Waingereza, wa mwisho kufika walikuwa Wafaransa 1968. Wazee walioiona hiyo wana wajukuu wenye ndevu.

Si hao Samoa walipigwa 60-6 na Uingereza? Wamefikaje?

Ndio haohao. Mechi ya kwanza kabisa ya kombe, tarehe 15 Oktoba, Newcastle, 60-6, na siwaongopei, mimi mwenyewe nilizima simu kabla haijaisha. Ekipe ilikuwa na majina makubwa lakini walikuwa wamekutana juzijuzi tu, baadhi yao walitoka kucheza fainali ya ligi Australia tarehe 2 Oktoba. Hawajapumua, hawajazoeana.

Halafu wakaanza kuamka. Wakaipiga Ugiriki 72-4, Ufaransa 62-4. Robo fainali wakaitoa Tonga 20-18, ile ilikuwa vita ya ndugu. Nusu fainali nani tena? Uingereza ileile, uwanja wa Arsenal pale London.

Siku hiyo tulikuwa kwenye parseli ya rafiki yangu, watu kama ishirini, televisheni imewekwa juu ya pipa, wingu jeusi limekaa upande wa Kasapa. Umeme ukakata kipindi cha pili. Jenereta ikawashwa, esanse ilikuwa ya chini kabisa ya bidoni, ikawa inakohoa, kila ikikohoa picha inakuwa ndogo halafu inarudi. Stephen Crichton akaiba pasi ya Waingereza katikati akakimbia nayo akafunga, sisi tukaona nusu ya kwanza ya mbio na nusu ya mwisho, katikati giza. Waingereza wakarudisha mwishoni, 26-26. Muda wa ziada, yeyote atakayepata pointi ya kwanza amemaliza. Crichton huyohuyo akaangusha dropu. Mpira uko hewani, jenereta ikakohoa, picha ikaenda. Tulijua matokeo kwa kusikia mtangazaji anavyopiga kelele, na yule mzee wa muembe akauliza, "Inaingia ao haiingii?" 27-26. Iliingia, mzee.

Basi ukiniuliza 60-6 ina maana gani leo, nakuambia ilikuwa ni kweli na imekwisha.

Imewahi kutokea mdogo amshinde Australia kwenye fainali?

2008, Brisbane, tena nyumbani kwao. New Zealand ilikuwa imepigwa na Australia 30-6 mechi yao ya kwanza ya kombe, kila mtu akasema fainali ni ya kukamilisha ratiba tu. Mchezo ukawa wa kukaribiana mpaka kipindi cha pili Billy Slater, mmoja wa wachezaji bora wa dunia wakati huo, akabanwa kwenye kona, badala ya kukubali kutoka na mpira akautupa ndani bila kuangalia. Benji Marshall alikuwa amesimama pale kama mtu anayesubiri basi. Akaudaka, trai. 34-20 New Zealand.

Angalia huo mfano vizuri: mchezaji mkubwa alikataa kupoteza kitu kidogo, akapoteza kikubwa. Samoa wakishinda Jumamosi, nadhani itatoka kwenye kosa la namna hiyo. Kwa mabavu peke yake kwa dakika 80 sioni.

Wachezaji wa Samoa si wamezaliwa Australia na New Zealand? Huo si wizi?

Hili ndilo linatugombanisha zaidi. Wengi ndiyo, wamezaliwa au wamekulia kule. Jarome Luai, Brian To'o, Crichton na kapteni Junior Paulo mwaka huuhuu wamechezea jimbo la New South Wales, mechi kubwa kabisa za Australia. Josh Papali'i aliwahi kuvaa jezi ya Australia yenyewe. Sheria za treize zinamruhusu mtu kutoka taifa kubwa kwenda taifa dogo la wazazi wake, na tangu 2017, pale Jason Taumalolo na Andrew Fifita walipochagua Tonga, milango ilifunguka na mashindano yakapata ladha.

Wizi? Sisi Wakongo tukae kimya kidogo. Makelele alizaliwa Kinshasa akavaa bluu ya Ufaransa. Lukaku baba yake alikuwa Léopards, ekipe yetu ya taifa, mtoto anafunga kwa ajili ya Ubelgiji. Miaka yote watu wanaenda upande mmoja, kutoka kwa mdogo kwenda kwa mkubwa, na hakuna aliyeita wizi. Leo wameanza kurudi ndiyo tunatafuta makaratasi. Na kapteni wa Australia, Tedesco, kombe la 2013 alichezea Italia, kwa asili ya wazazi. Waulizeni na yeye.

Ni kweli kuna marafiki watakaopigana Jumamosi?

Luai wa Samoa na Nathan Cleary wa Australia ni jozi moja pale klabu ya Penrith, mmoja namba 6 mwingine namba 7, hao wawili ndio wanaendesha ekipe, wamebeba ubingwa wa Australia pamoja mwezi uliopita, 28-12 dhidi ya Parramatta. Crichton na To'o nao ni wa Penrith. Isaah Yeo na Liam Martin wa Australia pia. Yaani wanajuana mpaka mtu anavyopumua kabla ya kupiga. Mimi hii naona inamsaidia mdogo zaidi, mkubwa hapendi kujulikana sana.

Ile ngoma kabla ya mechi ni nini?

Siva Tau, ngoma ya vita ya Wasamoa. Haka ni ya New Zealand, usizichanganye mbele ya Msamoa. Inachezwa dakika chache kabla ya kuanza kwa hiyo usifike saa kumi na mbili kamili, fika mapema. Yule mzee anakuja kwa ajili ya hiyo tu, mengine ananisindikiza.

Sisi watu wa Lubumbashi inatuhusu nini?

Desemba 2010, umesahau? Mazembe ilienda Abu Dhabi Kombe la Dunia la vilabu, hakuna aliyetupa hata nafasi ya kupumua. Tukaitoa Pachuca 1-0. Tukaitoa Internacional ya Brazil 2-0, kipa wetu Kidiaba anaruka kwa makalio uwanja mzima, dunia inacheka na sisi tunalia. Klabu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ile. Tarehe 18 tukakutana na Inter Milan, dakika ya 17 ilishakuwa 2-0, la pili alitufunga Eto'o, Mwafrika mwenzetu, ikaisha 3-0.

Mimi nilikuwa Kamalondo usiku ule. Nakumbuka baada ya bao la pili hakuna aliyeondoka. Watu walikaa dakika zote zilizobaki, jezi nyeusi na nyeupe, wanaimba kwa ekipe ambayo haiwezi kuwasikia. Kwa hiyo Samoa hawanihitaji niwaelezee kwa nini ninawashangilia.

## Mabishano na dharura

Ikiwa sare dakika 80?

Muda wa ziada, pointi ya kwanza inamaliza, kama ile ya Uingereza. Zamani haikuwa hivyo. Fainali ya 1972 pale Lyon, Great Britain na Australia walitoka 10-10 hata baada ya muda wa ziada, kombe likapewa Great Britain juu walikuwa na matokeo mazuri zaidi kwenye mechi za awali. Yule anayebisha kwamba "sare kombe linagawanywa" mwambieni hivyo.

Mtu akitolewa kwa kadi ya njano?

Anakaa nje dakika 10, wenzake wanabaki 12. Nyekundu harudi, na nafasi yake haijazwi. Kumgonga mtu kichwani au kumwinua ukamgeuza miguu juu ndiko kunakoleta hizo kadi. Refa wa video anaweza kuangalia, usipigie kelele televisheni, subiri.

Kuna mechi zingine, au ni hiyo tu?

Jumamosi hiyohiyo uwanja huohuo, saa tisa na robo alasiri kwa saa zetu, fainali ya wanawake, Australia na New Zealand, na kwenye makundi walikaribiana sana, 10-8 ya Australia. Ijumaa usiku ni fainali ya viti vya magurudumu, Uingereza na Ufaransa, na hii nawaomba muiangalie kweli, wanaume na wanawake pamoja, wenye ulemavu na wasio nao pamoja, wanagongana na vyuma mpaka mtu anapinduka na kiti chake anacheka. Ni mara ya kwanza makombe yote matatu yanachezwa kwa pamoja.

Ni kweli kombe lenyewe liliibiwa?

Kweli. Liliibiwa hotelini Bradford mwaka 1970 likapotea miaka 20, likaja kuonekana 1990 limetupwa hukohuko Bradford. Linaitwa kwa jina la Paul Barrière, Mfaransa aliyesukuma wazo la kombe hili, la kwanza likachezwa Ufaransa 1954.

Niweke pesa kwa Samoa?

Hapana. Na kwa Australia pia hapana, juu wakubwa wa kubeti wanampa Samoa pointi za bure kabla mchezo haujaanza, kwa hiyo Australia inaweza kushinda na wewe ukalala njaa. Nunua esanse ya jenereta.

Watoto wameanza kuangushana kwenye kartie, tufanye nini?

Waambieni wacheze ya kugusa tu, aliyeguswa kwa mikono miwili amehesabiwa ameanguka. Mpira wa matambara unatosha. Udongo wetu mwekundu ni mgumu na mvua bado hazijaulainisha vizuri, wiki iliyopita nimemfunga mtoto wa jirani kitambaa kwenye goti na mama yake ananiangalia mimi kama ndiye niliyemsukuma.

Umeme ukikata?

Safari hii bidoni imejaa, nimeipima mwenyewe. Simu mbili zimewekwa mega pia. Ila atakayekuja na chaja yake kuchomeka kwenye jenereta wakati wa mechi, tutamtoa kwa kadi nyekundu.

Wewe unasema ngapi kwa ngapi?

Kichwa kinasema Australia kwa pointi kumi na kitu. Mkisikia nasema kingine saa kumi na mbili jioni, mjue ni kile kingine kinachoongea.

Na Samoa wakipigwa vibaya, Jumapili tutakuja tena?

Jumapili ni Qatar na Ecuador, mechi ya kufungua Kombe la Dunia la mguu, saa kumi na mbili jioni ileile, televisheni ileile juu ya pipa lilelile. Sisi hatumo, Morocco ilitumalizia 4-1 Casablanca mwezi wa tatu na sitaki kulizungumza. Kwa hiyo viti mlivyoazima kwa kanisa msivirudishe usiku wa Jumamosi, vipangeni ukutani, na mtu mmoja alale karibu navyo.